Kilomita Tano za Kwanza Baharini: Jinsi ya Kujiandaa Katika Maji ya Pwani Yetu

Mtu anayeweza kuogelea kilomita moja na nusu bwawani bila kusimama ana nguvu za kutosha kuanza kujiandaa kwa kilomita tano za baharini, lakini bado hana maarifa ya kutosha kuziogelea. Bwawani ukuta huja kila baada ya mita 25, mstari mweusi huonekana chini, na maji yenyewe hayaendi popote. Baharini maji yanasafiri, na yanaweza kusafiri kinyume nawe. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo, na unahusu maji ya kuanzia Lamu hadi Mtwara pamoja na visiwa vyake, kwa sababu maelekezo mengi yanayosambaa kuhusu mchezo huu yalitungwa kwa ajili ya bahari za baridi, ambako jambo la kwanza ni kuukinga mwili usigande. Maji yetu huwa na joto la nyuzi 25 hivi katika miezi ya Julai hadi Septemba, na hupanda hadi 29 au hata 30 mwezi Machi. Yanayomshinda mwogeleaji hapa ni mkondo, joto na vyombo vinavyopita, na matayarisho yake hayana budi kuelekezwa huko.

Kalenda kabla ya mikono

Kabla ya kuhesabu mizunguko ya bwawani, kaa na mvuvi mzee au nahodha wa eneo unalotaka kuogelea, umwombe akufundishe mwaka wa bahari. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi kuanzia Aprili au Mei hadi Oktoba. Kusi ndiyo yenye nguvu zaidi, na katika miezi ya Juni hadi Agosti huichafua bahari iliyo wazi upande wa mashariki kiasi cha kuwafanya hata wenye ngalawa wakae siku kadhaa bila kutoka. Katikati ya pepo hizo kuna vipindi vifupi vya tanga mbili, upepo unapokuwa haujaamua uelekee wapi, na bahari hutulia. Kwa safari ya kwanza ningechagua nusu ya pili ya Novemba, au majuma ya mwisho ya Februari hadi katikati ya Machi, kabla ya mvua za masika kuanza kuteremsha tope la mito baharini na kuyafanya maji yasionekane ndani.

Ukishauchagua mwezi, ichague siku kwa kuangalia maji. Katika muda wa karibu saa 25 maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa katika Dar es Salaam, Unguja na Mombasa hukaribia mita nne, ilhali wakati wa maji mafu tofauti hiyo hushuka hadi mita moja hivi. Maji yote hayo ya bamvua lazima yaingie na yatoke, tena hupita kwenye milango ya miamba na katika njia nyembamba baina ya visiwa, na ndiyo maana mkondo wa siku hizo humbeba mtu kama jani. Kwa hiyo safari ya kwanza na iwe katika maji mafu, ambayo kwa hesabu ya mwezi mwandamo huangukia takriban tarehe 8 hadi 10 na tena 22 hadi 24.

Katika jambo hili pwani yetu ina bahati ambayo watu wengi hawaitambui. Siku za bamvua maji huwa yamekupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, lakini siku za maji mafu mambo hugeuka na maji huwa yamejaa mnamo saa hizo hizo. Maana yake ni kwamba mtu anayeingia majini saa moja asubuhi siku ya maji mafu huogelea maji yakiwa yanajaa polepole, miamba ikiwa imefunikwa, upepo wa alasiri haujaamka, jua halijawa kali, na hukaribia kumaliza wakati maji yanaposimama. Thibitisha saa kamili katika jedwali la maji la bandari iliyo karibu, kwa kuwa hutofautiana kati ya mahali na mahali, kisha linganisha na utabiri wa hali ya bahari unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania au Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya.

Hesabu ya mkondo ni rahisi, nayo inafaa ifanywe kwa kalamu. Mwogeleaji wa kawaida anayetumia dakika 25 kwa kilomita ana kasi ya kilomita 2.4 kwa saa. Akikutana na mkondo wa kilomita 1.2 kwa saa unaomjia usoni, kasi yake juu ya ardhi hubaki nusu, na kilomita aliyoizoea kwa dakika 25 sasa itamchukua 50. Tena maji hayaendi kwa mwendo mmoja: katika saa sita za kujaa au kupwa, saa mbili za katikati ndizo zinazobeba karibu nusu ya maji yote. Kuchelewa kuanza, kwa hiyo, si jambo dogo. Safari yangu ya kwanza ilicheleweshwa saa moja na nusu na mafuta ya boti yaliyokuwa bado hayajanunuliwa, nasi tukaamua kwenda hivyo hivyo. Maji yalikwisha kuanza kupwa nilipokuwa naikaribia nchi kavu, nikapiga mikono kwa dakika 40 nikiutazama mnazi uleule, hadi nahodha aliponiamuru nipande. Tangu siku hiyo kila mpango wangu huandikwa saa ya mwisho ya kuanza, na saa hiyo ikipita tunarudi nyumbani.

Njia na nahodha

Njia nzuri ya kwanza ni ile inayofuata ufuo, umbali wa mita 150 hadi 200 kutoka nchi kavu, ambapo unaweza kutoka popote ukishindwa. Kuvuka kwenda kisiwani kunavutia zaidi, lakini katikati ya mlango-bahari hakuna pa kutokea, na ni heri jambo hilo lingoje safari ya pili au ya tatu. Katika Unguja, ufuo wa Kendwa na Nungwi unaotazama magharibi huogeleka hata maji yakiwa yamekupwa, na kisiwa chenyewe huukinga na kusi. Paje na Jambiani ni habari nyingine: maji yakipwa bahari hurudi hadi karibu na mwamba, na hata yakijaa chini kuna vigingi na kamba za mashamba ya mwani, ambayo ni riziki ya watu na hayafai kukanyagwa wala kukatizwa. Kisiwa cha Changuu, kinachoonekana vizuri kutoka Mji Mkongwe, huwatamanisha wengi, ila maji yaliyo baina yake na mji ndiyo njia ya bandari, na boti za mwendo kasi za abiria haziwezi kukiona kichwa cha mtu juu ya wimbi.

Baadhi ya maeneo yana wenyewe kisheria. Bongoyo na Mbudya, karibu na Dar es Salaam, ni maeneo tengefu ya bahari, na hifadhi za bahari za Mombasa, Watamu, Malindi na Kisite zinasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya. Nenda ukaombe ruhusa mapema, na uwajulishe pia walinzi wa bahari wa eneo hilo, wakiwemo KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo) kwa upande wa Zanzibar, kuhusu siku, saa na njia yako. Walio bara wasidhani kwamba ziwa ni mbadala mwepesi: Ziwa Victoria lina kichocho karibu na kingo zake, na sehemu nyingine zina mamba na viboko.

Usiogelee umbali huu bila chombo cha kukusindikiza. Ngalawa au mtumbwi wa kupiga kasia ni bora kuliko boti ya injini kwa mwogeleaji mmoja aliye karibu na ufuo, kwa kuwa haina pangaboi la kumkata wala moshi wa kumtapisha. Palipo na maji ya kina na vyombo vinavyopita, boti ya injini ni lazima, na ikae upande utakaofanya moshi upeperushwe mbali nawe. Chombo kiwe upande unaopumulia zaidi, umbali wa mita tano hadi kumi. Ndani yake kuwe na watu wawili angalau: nahodha anayeangalia bahari, na msaidizi anayekuangalia wewe tu. Msaidizi asivue samaki, asipige picha, wala asishike simu isipokuwa kwa dharura. Kila mmoja chomboni avae jaketi la kuokolea, nawe ukokote boya la rangi ya machungwa na kuvaa kofia ya rangi kali.

Kubalianeni kabla ya kuingia majini kwamba neno la nahodha ni la mwisho. Mtu aliyechoka majini hupungukiwa na uamuzi kabla ya kupungukiwa na nguvu, na atasema yuko salama huku midomo yake ikitetemeka. Msaidizi ahesabu mipigo ya mikono yako kwa dakika moja kila baada ya nusu saa na kuiandika. Kama ulianza na mipigo 60 na sasa ni 48, au kama unakwenda upande bila kujua, hiyo ni habari ambayo wewe mwenyewe huwezi kumpa nahodha.

Wiki kumi na sita za mazoezi

Kwa mtu niliyemtaja mwanzoni, wiki 16 zinatosha. Anza na vipindi vitatu kwa wiki vinavyofikia kilomita tano kwa jumla, kisha ongeza kidogo kidogo hadi wiki ya 13 uwe unaogelea kilomita 12 kwa wiki katika vipindi vinne. Kila wiki ya nne punguza theluthi moja ili mabega yapone. Kimoja kati ya vipindi hivyo kiwe kirefu, kikianza na kilomita mbili na kufika nne. Mtu aliyeogelea kilomita nne mfululizo katika mazoezi ataimaliza ya tano siku yenyewe, bahari ikiwa imetulia. Kipindi kingine kiwe cha kasi ya kudumu, kwa mfano mita 100 mara 15 na mapumziko ya sekunde 15, ukijitahidi ya mwisho iwe sawa na ya kwanza. Ukianza haraka na kuishia kukokota, umeufundisha mwili jambo ambalo bahari itaulipiza.

Jifunze kupumua pande zote mbili. Asubuhi jua la mashariki linaweza kukupofusha upande mmoja, au wimbi likawa linakupiga mdomoni kila unapogeuka upande uliouzoea. Jifunze pia kutazama mbele bila kuinua kichwa chote: macho pekee yatoke juu ya maji kama ya mamba, kisha kichwa kigeuke kando kuvuta pumzi. Fanya hivyo kila baada ya mipigo minane hadi kumi na miwili, na uchague alama kubwa iliyo juu, kama mnara, minazi mirefu au paa jekundu, kwa kuwa vitu vya chini hupotea nyuma ya mawimbi. Anayeinua kichwa sana huzamisha miguu, na baada ya saa moja mgongo na shingo humlaumu.

Mwenye kufanya mazoezi bwawani Nairobi, Arusha au Dodoma hana budi kufika baharini angalau mara nne kabla ya siku yenyewe. Mwili unahitaji kuzoea chumvi, na moyo unahitaji kuzoea kina. Wengi huogelea vizuri hadi pale mchanga unapotoweka na chini kukawa buluu tupu, ndipo pumzi inapoanza kukatika. Hofu hiyo si aibu, na ina dawa: geuka chali, acha boya likubebe, toa pumzi ndefu kupitia mdomoni mara kumi, kisha anza tena kwa mipigo ya polepole. Ifanyie mazoezi ukiwa na chombo karibu mpaka iwe tabia.

Mabega yanahitaji ulinzi wake. Kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kilichofungwa kwenye nguzo kinatosha kwa mazoezi ya kuvuta na kuzungusha mkono nje, dakika kumi siku tatu kwa wiki. Maumivu makali mbele ya bega yanayoendelea usiku ni ishara ya kupumzika, wala si ya kuvumilia. Mwenye umri wa zaidi ya miaka 40, au mwenye shinikizo la damu, pumu, kifafa au ugonjwa wa moyo, amwone daktari kabla ya wiki ya kwanza. Mwezi wa Ramadhani mfungaji apunguze umbali na kuogelea baada ya kufuturu, na asiweke siku ya safari ndani ya mwezi huo.

Kula, kunywa na joto

Mwogeleaji hutoka jasho kama mkimbiaji, ila halioni. Kwa safari ya saa mbili au zaidi tengeneza kinywaji hiki: lita moja ya maji safi, vijiko 15 vya chai vya sukari visivyojaa kilima, robo ya kijiko cha chai cha chumvi, na ndimu moja. Ukinywa robo lita kila nusu saa utapata takriban gramu 30 za sukari kwa saa, ambazo ni kiasi cha kutosha tumbo lisilozoea. Anayependa uji mwepesi au tende laini anaweza kuongeza hapo, mradi amekwisha kuvijaribu mara kadhaa katika mazoezi, kwa maana tumbo lililolala juu ya mawimbi na kumeza chumvi halina subira na vitu vigeni. Maji matupu kwa wingi hayafai, kwa sababu hupunguza chumvi ya damu. Chupa ifungwe kamba na kurushwa kutoka chomboni. Kunywa ukiwa chali, usishike chombo, na usizidishe dakika moja, kwani mkondo hausimami unapokunywa.

Kuhusu joto ninaomba msomaji asipite haraka. Mwezi Oktoba 2010, katika mashindano ya kilomita kumi huko Fujairah katika Falme za Kiarabu, mwogeleaji wa Marekani Fran Crippen, kijana wa miaka 26 aliyekuwa miongoni mwa hodari wa dunia, alifariki majini karibu na mwisho wa mashindano siku ambayo maji yalikuwa ya moto sana. Hakuna aliyegundua upesi kwamba hakufika, na waogeleaji wenzake waliokuwa wamekwisha kumaliza ndio waliorudi majini kumtafuta. Baada ya hapo shirikisho la dunia la mchezo huo liliweka nyuzi 31 kuwa kikomo cha juu cha joto la maji ya mashindano. Machi yetu hukaribia nyuzi hizo. Kwa hiyo usivae vazi la mpira la kuhifadhi joto, anza mapema, na punguza kasi kuliko ya bwawani. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kuhisi baridi katika maji ya moto au kushindwa kujibu swali rahisi la msaidizi ni sababu ya kutoka majini papo hapo.

Ngozi na viumbe vya baharini

Chumvi na msuguano huchubua shingo, kwapa na mapaja. Paka mafuta mazito ya mgando sehemu hizo kabla ya kuingia, na mwenye kupaka awe msaidizi aliyevaa glavu, kwa sababu mkono wenye mafuta ukigusa miwani hutaona tena hadi ufike. Anayevaa mavazi ya kujisitiri mwili mzima, ambayo hukinga jua vizuri mno, afanyie mazoezi marefu ndani ya mavazi hayo hayo ili ajue mshono upi unamkata. Chukua miwani miwili, mmoja wa kioo cheusi.

Konyeza, ambao wengi huwaita yavuyavu, huletwa na upepo karibu na ufuo. Akikuchoma, usisugue kwa mchanga wala kitambaa. Suuza kwa maji ya bahari, ondoa nyuzi kwa kibano au mkono wenye glavu, kisha tumbukiza mahali hapo katika maji ya moto yanayovumilika kwa dakika 20. Maji ya moto husaidia pia kwa miiba mirefu myeusi ya viumbe wanaokaa juu ya miamba, hivyo chupa ya chai yenye maji ya moto iwemo chomboni. Uvimbe wa uso au pumzi kubana baada ya kuchomwa ni safari ya hospitali.

Siku yenyewe

Wiki mbili za mwisho punguza mazoezi hadi nusu. Usiku wa mwisho kula wali au ugali uliouzoea, na asubuhi, saa mbili kabla ya kuingia, kula kitu chepesi kama mkate na ndizi. Mweleze nahodha upya njia yote, saa ya mwisho ya kuanza na saa ya mwisho ya kuwa majini. Mkono ulionyooshwa juu uwe na maana moja tu: njooni sasa. Dakika kumi za kwanza ogelea polepole kuliko unavyotaka. Msaidizi asikuambie umbali uliobaki, kwa kuwa mkondo unaweza kumfanya mwongo. Akuambie saa tu, na akupe maji safi ya kusukutua kinywa kila unapokunywa, maana ulimi hukwaruzwa na chumvi kabla ya mkono kuchoka.

Unapofika ufukweni, tambaa kwanza hadi maji ya magotini, kisha simama polepole ukishika bega la mtu, kwa sababu damu iliyokuwa imelala kwa saa mbili huchelewa kupanda kichwani na wengi huanguka hapo hapo mchangani. Vaa viatu kabla ya kukanyaga mwamba. Kaa kivulini, kunywa, na usiachwe peke yako kwa saa mbili zinazofuata. Kikohozi kisichokoma, povu lenye rangi ya waridi au pumzi inayokuwa nzito badala ya kutulia ni dalili kwamba mapafu yameingiwa na majimaji, na hali hiyo haingoji kesho: chombo cha usafiri kiwe kimeandaliwa tangu asubuhi, na dereva awe anajua njia ya hospitali iliyo karibu.